Olga
Wapenzi wa magari ya fahari ya Kiingereza wana kipenzi chao, nacho wamekipa jina la kike: Olga. Jina lilitokana na namba ya usajili, OLG 490. Ndilo gari la majaribio la Bentley R-Type Continental, la mwaka 1951, ambalo bodi yake ya alumini ilifuliwa na mafundi wa H. J. Mulliner wa London ili lipasue upepo na kufika mbali bila ya kuwachosha abiria. Hadi 1955 yaliundwa 208 tu. Magari ya majaribio mengi huishia kuvunjwa. Hili liliuzwa, na baadaye likamilikiwa na Stanley Sedgwick, rais wa klabu ya madereva wa Bentley iliyoasisiwa 1936. Hapo, naona, ndipo lilipookoka. Wasioweza kununua hata gurudumu lake hukariri silinda zake 6, na mwendo uliopita maili 100 kwa saa, kwa uangalifu uleule tunaohesabia mizani sisi.