MAMA MGANGA WA MAHENGE

Tulipokaa kupanga kijitabu hiki cha miaka 10 ya kikundi, wazee wetu walisema kisitoke bila habari za Mama Mganga. Wanachama vijana wengi wanalisikia jina tu.

Huyu ni Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, mwaka 1931. Alifika Tanganyika mwaka 1959 akiwa daktari kijana. Siku hizo daktari akiitwa mganga, na kwetu dada yake mama naye ni mama, mkubwa au mdogo. Basi jina lile lilikuwa zaidi ya heshima, lilimwingiza kwenye ukoo.

Alichokikuta Mahenge ni kifafa, tena kingi. Watu waliamini kinaambukiza kwa mate, mkojo au hewa inayomtoka mgonjwa akianguka. Kwa hiyo akianguka, hakuna anayemgusa. Akiangukia motoni anaungua, akiangukia mtoni anazama. Wengine walilala kibanda cha peke yao, wakala kwa chombo chao wenyewe. Tusiwalaumu wazee kirahisi. Ugonjwa ukiangusha watoto wawili watatu wa nyumba moja, nani asiseme unaambukiza?

Mwaka 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge. Dawa haikuwa ngeni wala ghali: fenobabito, iliyojulikana kutuliza kifafa tangu 1912. Kazi ilikuwa kuimeza kila siku, miaka na miaka. Mgonjwa akiona nafuu akaacha ghafla, degedege hurudi kwa nguvu, na anaweza hata kufa. Sasa fikiri mama anayetoka bondeni na mtoto mgongoni, anapanda mlima, anapewa dawa za kumfikisha kliniki ijayo, kisha anarudi kulima. Zikiisha, anapanda tena. Vitabu vinamtaja daktari, na ni haki yake, lakini akina mama hao nao waliijenga ile kliniki kwa miguu yao.

Naye hakukaa moja kwa moja. Alifanya kazi Kongo, halafu Lambaréné, Gabon, kwa Dk. Albert Schweitzer, na baadaye akahamia Canada akawa daktari wa magonjwa ya akili. Kliniki haikufa, wauguzi waliiendeleza, na yeye alirudi mara kwa mara kuwaona wagonjwa wake. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Afrika.

Kuna jambo moja aliloliandika mapema, na dunia ikachelewa kulisikia. Aliona watoto wanaosinzia kichwa, yaani kichwa kinaanguka mbele mara kwa mara, hata chakula kikiwa mkononi. Miaka mingi baadaye watoto wa namna hiyo wakaonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ndipo wataalamu wakarudi kusoma habari za Mahenge.

Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1992, wa watu 18,183 katika vijiji 11 vya Ulanga, ulikuta wenye kifafa kama 10 katika kila 1,000. Watafiti wameona pia kwamba kifafa huzidi palipo na usubi mwingi, ule unaoletwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Namna unavyokisababisha bado inachunguzwa. Kumbe wazee hawakukosea kabisa, kuna kinachoingia nyumbani kutoka nje, ila si mate ya mgonjwa! Ndiyo maana dawa ya usubi ikija kijijini, tusijifiche shambani.

Kwenye kikundi chetu jambo hili lilileta mabishano. Wapo waliouliza kwa nini mwenye mtoto wa kifafa apewe nauli na mfuko wa jamii kila mwezi, wakati mwenye mgonjwa wa malaria anapewa mara moja. Mzee wetu mmoja, aliyebebwa mgongoni kwenda kliniki ile akiwa mtoto, akasimama. Akasema, "Wanangu, malaria inapona ukamaliza vidonge. Mimi vidonge vyangu sijamaliza mpaka leo, na ndiyo maana niko hapa nasema nanyi." Tukapiga kura, nauli ikapita.