Mafuta ya Miimo ya Madirisha

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, umepakana na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma kwa mbao. Mwimo wa dirisha hupigwa msasa kufuata nyuzi za mti, ukafutwa vumbi, kisha ukapakwa mafuta ya mbegu za kitani, kidogokidogo. Mafuta haya hukauka kwa kushika hewa. Ya nazi hayakauki, hubaki yakinasa vumbi. Ncha za mbao ndizo zinywazo maji zaidi, kwa hiyo zirudiwe. Vitambaa vilivyolowa mafuta vianikwe: vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe, na mji huu una mbao nyingi mno. Tafadhali, usikwaruze miimo iliyopakwa mafuta.