OKESTRA YETU YA VIBUYU

Juma lililopita kijana mmoja alinisimamisha pale sokoni Songea Mjini. Aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza: "Mzee, kwa nini mkoa wetu wa Ruvuma haujawahi kuwa na okestra?" Alikuwa ameona katika simu yake wanamuziki wa Kinshasa wakipiga fidla na tarumbeta, wamevaa nadhifu, mmoja amesimama mbele akiwaongoza kwa kijiti. Nilimwambia nitampa jibu redioni. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza, nawapa heshima yao hao wa Kinshasa. Okestra yao ya simfoni ya Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mtu aliyesomea urubani wa ndege. Walianza na vyombo vichache wakipokezana, na waya wa breki ya baiskeli uliwahi kugeuzwa kuwa uzi wa fidla. Hawakungoja mpaka wawe na kila kitu.

Lakini sisi nasi tulikwisha kuwa na okestra kabla ya hapo. Inaitwa mganda.

Mimi nimezaliwa hapa mjini, lakini mama yangu ni Mnyasa wa upande wa Mbamba Bay. Mjomba wangu alikuwa mpiga kibuyu. Nilipokuwa mtoto nilimwona akikata kibuyu upande mmoja, akitoboa tundu dogo na kuliziba kwa utando mwembamba wa buibui. Ukiimba ndani yake, ule utando hutetemeka na sauti yako hutoka kama tarumbeta. Kibuyu kikubwa hutoa sauti nzito, kidogo hutoa sauti nyembamba. Wapange watu ishirini wenye vibuyu vya ukubwa mbalimbali, weka nyuma yao ngoma kubwa na ndogo, kisha mpe mtu mmoja kazi ya kuwaongoza. Kama hiyo si okestra, basi niambieni okestra ni nini.

Historia yake ina machungu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli. Hivyo vita kuu vya wazungu vikatufikia ziwani wiki chache tu baada ya kuanza Ulaya. Septemba 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia Songea. Watu wetu na wa Nyasaland walichukuliwa kwa maelfu, wengine kuwa askari, wengi zaidi kuwa wapagazi. Waliona gwaride, wakasikia bendi za jeshi, wakazika wenzao njiani.

Wakati huo pwani kulikuwa tayari na ngoma ya beni, iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea hadi Tanga na Dar es Salaam kwa vyama vyake vya Marini na Arinoti. Vita viliisambaza bara. Waliorudi ziwani hawakuwa na fedha za kununua tarumbeta za shaba, ila vibuyu vilikuwapo shambani. Ndivyo mganda ulivyoota mizizi katika vijiji vya pande zote za Ziwa Nyasa katika miaka iliyofuata vita. Wanaume walipanga mistari, wakavaa kaptura na shati jeupe, wakachaguana kuwa kingi, kapteni na daktari. Kijiji kilialika kijiji, wakashindana, wakalishana. Wakoloni waliziangalia ngoma za namna hii kwa shaka, na hawakukosea sana: waliokuwa wakiamriwa sasa walikuwa wakijipa vyeo wenyewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nilizungumzie jambo hili. Nilipokuwa shuleni mwalimu mmoja alituambia kwamba mganda si utamaduni wetu, ni kuiga wazungu. Nilimwamini. Nilirudi likizo nikamwambia mjomba maneno yale yale mbele ya wageni wake. Hakunijibu. Alikiweka kibuyu chini akaenda kuangalia nyavu zake. Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Laiti ningejua wakati ule ninayoyajua leo! Hizo okestra za Ulaya ngoma kubwa na matoazi zilivipata wapi? Zilivitoa katika bendi za askari wa Kituruki, maadui waliowatia Wazungu hofu kwa miaka mingi. Mozart aliuiga mlio huo katika opera yake ya mwaka 1782, na Haydn katika simfoni yake iitwayo ya kijeshi, iliyopigwa London mwaka 1794. Hakuna aliyewaambia kwamba muziki wao si wao. Wao wakiiga jeshi la adui wanaitwa mabingwa; mjomba wangu akifanya hivyo anaitwa kasuku.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni alisikitika kwamba tunajua dansi za Kizungu na kuzisahau ngoma zetu. Alikuwa na haki. Ila katika ngoma alizozitaja siku ile, mganda haukuwamo. Sisemi kwamba aliudharau. Nasema ni ngoma iliyokaa katikati: kwa wengine ni ya Kizungu mno, kwa wengine ni ya kijijini mno. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, mwana wa huku kwetu, alichapisha kitabu kutetea muziki wa Kibantu uingie kanisani. Nani ameutetea mganda uingie darasani?

Mganda haujafa. Wilayani Nyasa na Mbinga bado unachezwa, na akina mama wana kioda yao. Lakini mara nyingi tunawaita wachezaji kumpokea mgeni wa heshima, wanapewa dakika tano juani, kisha spika zinawashwa. Kucheza kunaonekana; kutengeneza kibuyu hakuonekani, na hapo ndipo elimu inapopotea.

Kwa hiyo, kijana wangu wa sokoni, usingoje fidla kutoka Ulaya. Panda basi la Mbamba Bay, tafuta mzee, umwombe akufundishe kukata kibuyu. Fidla ikija baadaye, karibu.

Mimi nilichelewa. Mwaka jana nilikikuta kibuyu cha mjomba kwa binti yake. Utando umekwisha, ndani mmehifadhiwa mbegu za maboga. Nilikipuliza hata hivyo, kikatoa vumbi tu.

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.