Sykes wa Dar es Salaam

Huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, Sykes ni jina la kawaida. Asili yake ni neno la kale la kijito au mtaro wa mpakani. Mwaka 2000 mwanajenetiki wa Oxford, Bryan Sykes, mwenye jina hilohilo, aliwapima wenzake wa jina moja akakuta karibu nusu yao wana alama moja ya kijenetiki ya ukoo wa kuumeni.

Sykes wa Dar es Salaam hawamo kabisa katika hesabu hiyo.

Hao wanaanzia kwa Sykes Mbuwane, askari kutoka Msumbiji, mmoja wa wale walioitwa Wazulu ambao kamanda wa Kijerumani Wissmann aliwaleta mwaka 1889 kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894, akaitwa Kleist, ambalo kwa Wajerumani ni jina la ukoo wa makabaila. Basi huyu Mwislamu, Kleist Abdallah Sykes, mmoja wa waasisi wa chama cha African Association mwaka 1929, alibeba majina ya koo mbili za Ulaya asizokuwa na nasaba nazo!

Kwa desturi ya pwani, mtoto hufuatishwa jina la baba, kisha la babu. Wana wa Kleist, Abdulwahid Kleist Sykes na nduguye Ally, waliokuwamo katika kuundwa kwa chama cha TANU mwaka 1954, wangeweza kujulikana kama kina Kleist. Lakini jina la babu ndilo lililong'ang'ania, hata leo mashabiki wa bongo fleva wanalisikia kwa Dully Sykes.