Mkondo mnyoofu, au mkondo mfululizo?

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili vinaugawa umeme kwa jinsi unavyotiririka. Upo mkondo geu, ule unaogeuza mwelekeo wake mara 100 kila sekunde katika nyaya za SNEL, shirika la umeme la Kongo, na upo mkondo mnyoofu, unaotoka ncha moja ya betri na kurudi kwenye ncha ya pili bila kugeuka kamwe. Paneli ya sola, ambayo mafundi wa mji wa Fungurume, mkoani Lualaba, huiita pano, hutoa mkondo mnyoofu. Betri huupokea na kuuhifadhi hivyo hivyo. Inveta, au konvertiseri kama inavyojulikana zaidi Kongo, ndiyo inayoubadilisha uwe geu ili friji na televisheni viutumie.

Istilahi hii ni nzuri na sina nia ya kuiondoa. Ila mafundi wengi wa Lualaba wamejifunza kazi kwa Kifaransa, na wao hawasemi «mnyoofu», wanasema kontinu. Kiingereza kiliuita mkondo huu kwa njia yake isiyopinda, na Kiswahili sanifu kikafuata huko. Kifaransa kiliuita kwa kutokatika kwake. Tungelitafsiri jina la Kifaransa tungepata mkondo mfululizo, kama tunavyosema mvua ya mfululizo. Nadhani mtu anayetaka kuwasha sola yake ya kwanza anahitaji kuyajua majina yote mawili, kwa sababu kila moja linataja hatari yake.

Wakazi wa ukanda wa shaba wameishi jirani na mkondo huu kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka Inga, kwenye mto Kongo karibu na bahari, hadi Kolwezi: kilomita zipatazo 1,700, waya wa volti 500,000 chanya na waya wa volti 500,000 hasi, yote kwa mkondo mnyoofu, ili migodi ya Katanga ipate nguvu. Kwa masafa marefu hivyo, mkondo mnyoofu hupoteza umeme kidogo njiani kuliko mkondo geu. Lakini kuuchota katikati ya safari kunataka kituo cha kubadilishia chenye gharama kubwa mno, ndiyo maana vijiji vingi vimekaa chini ya nyaya hizo bila taa hata moja. Na kuukata ni kazi ngumu vilevile. Mpaka mwaka 2012 ndipo kampuni ya ABB ilipotangaza kifaa cha kuukata mkondo mnyoofu wa volti kubwa kwa milisekunde chache tu. Wahandisi wakubwa wa dunia walihangaika miaka mingi na swali ambalo fundi wa mtaani analikuta juu ya paa: mkondo usiopumzika unaukataje?

Fungurume yenyewe, kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, ina mgodi mkubwa wa shaba na kobalti, na mgodi unahitaji umeme mwingi. Nyumbani kwa watu, delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ni jambo la kila wiki. Ndiyo sababu familia inayopata fedha kidogo inanunua pano tatu au nne, betri ya lithiamu na inveta, halafu kijana wa jirani anakuja kufunga. Siku hiyo kila mtu ana hamu ya kuona taa ikiwaka. Mimi naomba saa mbili zaidi kabla ya kuwasha.

Tuanze na unyoofu. Mkondo usiogeuka una upande wa chanya na upande wa hasi, na pande hizo hazibadilishani. Taa ya kawaida ya SNEL ukiichomeka kinyume inawaka tu. Inveta ukiifunga kinyume kwenye betri, sehemu zake za ndani zinaungua papo hapo, mara nyingi bila njia ya kuzitengeneza. Kwa hiyo multimita itangulie kabla ya spana. Geuza kitufe chake hadi kwenye alama ya mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake. Alama ya wimbi ni ya mkondo geu, na ukipima betri ukiwa kwenye wimbi unaweza kusoma sifuri na kudhani waya hauna kitu. Ncha nyekundu ya kipimo ishike chanya, nyeusi ishike hasi. Namba ikitanguliwa na alama ya kutoa, nyaya zimepishana. Usiamini rangi ya plastiki. Kuna nyaya ndefu zilizoungwa katikati ambapo nyekundu imegeuka nyeusi ndani ya dari, na rangi haitakuambia.

Namba yenyewe nayo isomwe kwa makini, si kwa kutazama kama ipo au haipo. Pano zikiungwa mfuatano, volti zake hujumlishwa. Tuseme kila moja imeandikwa volti 49.5 ikiwa haina mzigo, na kidhibiti chaji, yaani regulateri, kinavumilia volti 150. Tatu zinaleta 148.5, na fundi anaona ameingia ndani ya kipimo. Lakini namba ya kibandiko ilipimwa kwa nyuzi 25, na volti za pano hupanda baridi inapozidi, kwa kiasi cha asilimia 0.3 hivi kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Asubuhi ya Juni au Julai, kwenye nyanda hizi za juu, baridi inaweza kufika nyuzi 8. Jua la kwanza likizigusa pano hizo, zitatoa zaidi ya volti 155, na regulateri iliyofanya kazi vizuri tangu Novemba inakufa alfajiri moja ya kiangazi bila mtu kuelewa kwa nini. Pano mbili kwa kila mfuatano zingetosha, au kidhibiti cha volti nyingi zaidi.

Sasa mfululizo, ambao kwangu ndio hatari iliyojificha zaidi. Unapochomoa waya wenye mzigo, umeme huruka kwenye pengo na kuwaka kama cheche ndefu. Katika mkondo geu cheche hiyo hukosa chakula mara 100 kila sekunde, kwa kuwa kila mkondo unapogeuka lazima upite kwenye sifuri, basi huzimika. Katika mkondo mfululizo hakuna sifuri. Cheche inaendelea kulishwa, ina joto la maelfu ya nyuzi, inayeyusha shaba na kuwasha mbao za dari. Neno «mnyoofu» halikuonyi juu ya jambo hili hata kidogo. «Mfululizo» linakuonya.

Ndiyo maana sakiti breka ya nyumba ya SNEL haifai kwenye waya wa pano, hata kama ampea zake zinalingana. Inafanana na ile inayotakiwa, inaingia kwenye reli ileile, bei yake ni ndogo, na siku ya kawaida inakubali kuzima. Siku ya hitilafu inashindwa kuukata mkondo na yenyewe inakuwa moto. Soma ubavuni: kuwe na alama ya mstari mnyoofu na volti zisizopungua zile ulizohesabu kwa asubuhi ya baridi. Kisha tazama kama ina alama za kujumlisha na kutoa. Breka nyingi za mkondo huu zina sumaku ndani inayoisukuma cheche kwenye vyumba vya kuipooza. Ukizifunga kinyume, sumaku inaisukuma kwenye upande usio na vyumba hivyo. Hapo unyoofu na mfululizo vinakutana katika kifaa kimoja, na breka iliyonunuliwa sawasawa inaungua kwa kugeuzwa tu.

Betri inastahili heshima ya pekee. Betri ya lithiamu, chuma na fosfeti ya volti 51.2 na ampea-saa 100 (haina kobalti ndani yake, ingawa watu wa hapa husikia kwamba kila betri ya lithiamu inabeba kobalti yao) inaweza kumwaga maelfu ya ampea spana ikiangukia ncha zote mbili. Vua pete na saa. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, na iwe ya aina inayoweza kukata maelfu hayo. Inveta ya wati 3,000 kwa volti 48 inavuta kama ampea 65 hadi 70. Kwa volti 12 ingevuta zaidi ya 250, na waya wake ungelazimika kuwa mnene ajabu. Kwenye waya pia kuna udanganyifu unaoniumiza, hasa katika nchi hii ya shaba: zipo sokoni nyaya za alumini zilizovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini yake, waya huo utapata joto mapema kuliko ulivyohesabu. Kila skrubu ikazwe, kila waya uvutwe kwa mkono, na baada ya wiki chache zikazwe tena.

Upande wa mkondo geu nitausema kwa ufupi, kwa sababu mafundi wengi wanaujua: inveta na SNEL visikutane kamwe kwenye waya mmoja bila swichi ya kubadilishia. La sivyo, nyumba yako itaupeleka umeme kwenye nguzo wakati wa delestaji, na fundi wa laini aliyepanda akiamini imekufa ndiye atakayeupokea.

Yote yakishapimwa, betri iunganishwe kwanza na regulateri, ili itambue volti za mfumo, halafu pano, na inveta mwisho. Wakati wa kuzima, mzigo uzimwe kwanza, pano zikatwe kwa breka yake, betri ifuate. Pano haina kitufe. Likiwepo jua inatoa umeme, hata ikiwa chini uani, kwa hiyo ifunikwe kwa turubai zito wakati wa kuunga nyaya. Na kwenye sanduku la breka pabandikwe kibao ambacho mtoto wa shule na shangazi aliyekuja kutembea watakielewa. Mimi ningeandika hivi: MKONDO MFULULIZO, VOLTI 100, USICHOMOE WAYA JUA LIKIWAKA, ZIMA HAPA KWANZA.