Bongo, ngozi na baridi ya Meru

Wadau, tuelewane kwanza: bongo ninazozisema si Dar wala bongo fleva. Ni zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, dume na jike, zilizozaliwa mashariki ya Cuba.

Enzi hizo ngozi ilipigiliwa misumari. Ikilegea, unaipasha moto, basi. Baadaye zikaja pete za chuma na boliti, mpigaji akawa anakaza kwa spana. Marekani ilipoiwekea Cuba vikwazo mwaka 1962, bongo za Havana zikaadimika New York. Mhandisi Martin Cohen akaunda zake, na 1964 akaanzisha Latin Percussion. Ngozi za plastiki nazo Remo Belli alikuwa ameanza kuziuza tangu 1957.

Hiyo plastiki inatuhusu sana sisi wa Arusha. Ukungu wa Meru ukishuka Julai, ngozi ya ng'ombe inanyonya unyevu na sauti inashuka katikati ya wimbo! Hata hivyo, ukipata hela ya bongo za kazi, mimi nasema jike livae ngozi ya ng'ombe, nene kidogo. Plastiki haina ule uzito wake. Dume livae plastiki kama unapigia nje. Na ukimaliza shoo, legeza boliti za jike kabla hujalifunika.