Njaa Iliyoanzia Kitandani

Ukitaja mwaka 1918, wengi hukumbuka mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mimi hukumbuka uchovu.

Septemba mwaka huo, homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara na reli. Iliwakuta watu wameshachakazwa na vita. Wapagazi wa Kariokor walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu, na chakula kilikuwa kimechukuliwa kulisha majeshi. Ajabu ya homa ile, iliua sana watu wa miaka 20 hadi 40, yaani wakulima wenyewe.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari za waliopona. Kusini-magharibi mwa Tanganyika, mvua zilinyesha mwishoni mwa 1918 na watu hawakuinuka kupanda. Homa ilikuwa imeondoka, nguvu hazikurudi. Wanahistoria huuhusisha uchovu huo na njaa kali iliyofuata, watu wakachimba mashina ya migomba chini ya udongo wakayala. Mtego ndio huo: mchovu halimi, asiyelima hali, asiyekula hapati nguvu.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, mtego ulibadilisha windo. Safari hii walioumia zaidi ni wazee. Wengi walipona, lakini kutoka chumbani hadi jikoni tu ikawa safari. Shosho yangu alikuwa mmoja wao. Watu wakasema ni uzee tu. Miezi mitatu alishinda na chai na kipande cha mkate, eti hana hamu ya kula.

Sasa, mzee akilala kitandani hata siku kumi, misuli inapungua haraka, na chai haiirudishi. Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee mgonjwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Shosho wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 72. Yai moja lina kama gramu 6. Piga hesabu.

Ndiyo maana tulianza kumpa omena, ndengu, mayai na mala, kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Mwenye shida ya figo aulize daktari kwanza. Na chakula hakiponyi kila uchovu; ukizidi, apelekwe hospitali.

Watu wa 1918 hawakuwa na cha kupika. Sisi omena iko sokoni. Mzee wako akisema amechoka, kabla hujamwambia ni umri, funua sufuria uone anakula nini.